Neno na Mwenyewe: Uhakiki wa Jina la Gay Games

0. Utangulizi

Wanaisimu hufundisha kwamba neno halina mwenyewe. Likishatamkwa huingia katika hazina ya wote, na kila msemaji hulichota kwa kadiri ya haja yake. Fundisho hili hukubalika darasani bila ubishi. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kinyume chake. Iliamua kwamba neno moja, lenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, lina mwenyewe nchini humo, na kwamba kundi fulani la watu haliwezi kulitumia kuiita sherehe yao. Neno hilo ni Olimpiki. Kundi hilo ni la wanaume na wanawake wapendao watu wa jinsia yao, ambao mwaka 1982 walianzisha mjini San Francisco tamasha la michezo na utamaduni linalojulikana leo duniani kote kwa jina la Gay Games.

Makala haya yanalichunguza tamasha hilo kwa upande wa jina lake, si kwa upande wa ushindi na rekodi. Maswali ni matatu. Kwa nini waanzilishi walilitaka neno lile na si jingine? Waliponyimwa, walipoteza nini? Na jina walilobaki nalo wamelitumiaje wao wenyewe? Swali la nne litafuata mwishoni, nalo linawahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili: lugha hii inawaitaje watu hao, na kwa haki gani?

1. Neno lililotakiwa

Mwanzilishi mkuu wa tamasha hilo, Tom Waddell, alikuwa daktari na mwanariadha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alishika nafasi ya sita katika dekathloni, yaani shindano linalojumlisha michezo kumi ya riadha. Ni michezo ileile ambamo Tommie Smith na John Carlos, Wamarekani weusi, waliinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi. Na Waddell, ingawa alikuwa mwanajeshi wakati huo, aliwatetea hadharani. Ni vyema kulikumbuka jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu huyu hakulichukua neno Olimpiki kama mpita njia aokotaye kitu kisicho chake. Alikuwa amelivaa kifuani.

Michezo ya kwanza ilifanyika tangu tarehe 28 Agosti hadi 5 Septemba 1982, na wanariadha wapatao 1,350 walishiriki. Kanuni yake kuu ilitofautiana na ile ya Olimpiki: hapakuwa na kiwango cha kufuzu. Mzee na kijana, hodari na dhaifu, kila mmoja aliruhusiwa kushindana, na hata asiyekuwa shoga wala msagaji hakukatazwa. Lengo lilikuwa kila mtu afikie upeo wa uwezo wake mwenyewe. Pamoja na mbio na kuogelea, sanaa nayo ilipewa nafasi yake.

Kuunganisha michezo na sanaa si jambo geni. Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya sasa, aliingiza humo mashindano ya sanaa yaliyodumu tangu 1912 hadi 1948. Naye mwenyewe, kwa jina la kubuni, alipata medali ya dhahabu ya fasihi mwaka 1912. Wasomaji wa Kongo wana mfano wa karibu zaidi. Michezo ya Francophonie iliyofanyika Kinshasa mwaka 2023 iliwashindanisha wakimbiaji na wachezaji mpira, lakini pia waimbaji, wasimulizi wa hadithi, wachoraji na wachonga sanamu. Kwa maana hiyo Waddell hakubuni umbo jipya. Alilichukua umbo linaloheshimiwa akawaita ndani yake watu wasioheshimiwa.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Neno Olimpiki lilitakiwa kwa sababu hubeba afya, nidhamu, nguvu na sifa za mwili, yaani mambo yaleyale ambayo dharau ya watu ilidai kwamba mashoga hawana. Kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, shoga na Olimpiki, kulikuwa tayari ni hoja nzima. Historia ya Afrika ya Mashariki na Katanga inajua mbinu hii. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanzia mwambao na kufika hadi Lubumbashi ya zamani kwa jina la mbeni, viliwapa viongozi wao vyeo vya mfalme, gavana na jenerali. Mwenye kuazima cheo cha mkubwa si lazima awe mwigaji. Huenda anadai kwamba heshima iliyomo ndani ya cheo hicho si mali ya mkubwa peke yake.

2. Hoja ya kisawe

Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 iliipa Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo haki ya pekee juu ya neno Olimpiki. Wiki chache kabla ya ufunguzi wa 1982, kamati hiyo ilipata amri ya mahakama ya kulikataza tamasha lisilitumie. Neno likafutwa katika vitambaa, mavazi na karatasi zilizokwisha kuchapwa. Waanzilishi walilalamika kwamba makundi mengine yalikuwa yakilitumia bila kufikishwa mbele ya hakimu. Walemavu wa akili, kwa mfano, walikuwa na michezo yao yenye jina hilo, kwa ridhaa ya kamati. Kwa nini basi wao peke yao?

Kesi iliendelea kwa miaka mitano. Hukumu ya 1987, iliyoandikwa na Jaji Powell, inastahili kusomwa na mwanaisimu kwa makini kama inavyosomwa na mwanasheria. Hoja yake ya kwanza ni ya kiuchumi: thamani ya neno hilo nchini Marekani imetokana na kazi na gharama za kamati, kwa hiyo aliyepanda ndiye avune. Hoja ya pili ni ya lugha: katazo haliuzuii ujumbe wa tamasha, huzuia tu neno moja la kuutolea, waandaaji wako huru kuusema ujumbe uleule kwa maneno mengine.

Hoja ya kwanza ina kasoro iliyo wazi. Thamani ya neno Olimpiki ilikuwapo kabla ya Marekani kuwapo. Kamati iliikuta, ikaiongeza. Lakini ni hoja ya pili iliyo na uzito kwa taaluma yetu, kwa sababu imejengwa juu ya nadharia ya kisawe. Inachukulia kwamba maneno mawili yanaweza kubeba maana moja pasipo kitu kupotea njiani. Kila aliyewahi kutafsiri shairi anajua kwamba sivyo. Visawe hukaribiana katika kile yanachokitaja, lakini hutofautiana katika kile yanachokikumbusha. Michezo ni neno, na Olimpiki ni neno. La kwanza lakumbusha uwanja wa shule, la pili lakumbusha dunia nzima imesimama kutazama. Jaji Brennan, aliyepinga hukumu hiyo, aliliona jambo hili: alieleza kwamba neno Olimpiki lina maana yake ya pekee ambayo hakuna neno jingine liwezalo kushika mahali pake.

Waddell hakuishi kuona mengi baada ya hapo. Kamati ilikuwa imeweka dai juu ya nyumba yake kwa ajili ya gharama za kesi. Katika michezo ya pili, mwaka 1986, hali akiwa mgonjwa wa ukimwi, alishinda kurusha mkuki. Alifariki tarehe 11 Julai 1987, siku kumi na sita baada ya hukumu. Miaka tisa baadaye kilitokea kitabu cha maisha yake alichokiandika pamoja na Dick Schaap, na katika jina la kitabu hicho yeye anaitwa Mwanaolimpiki. Mahakama iliweza kulifuta neno katika bendera; haikuweza kulifuta katika wasifu wa mtu.

3. Jina lililobaki

Je, tamasha lilipoteza? Kwa hesabu ya watu, hapana. Vancouver iliwapokea wanariadha zaidi ya 7,000 mwaka 1990, na New York zaidi ya 10,000 mwaka 1994, idadi iliyozidi ile ya wanariadha wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Kwa ajili ya michezo hiyo ya New York serikali ya Marekani ililegeza kwa muda katazo lake la kuwazuia wageni wenye virusi vya ukimwi kuingia nchini, katazo lililokuja kuondolewa kabisa mwaka 2010. Tamasha lilikuwa limepata sauti mbele ya mlango wa forodha, jambo ambalo klabu ya kawaida ya michezo hailipati.

Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye sifa. Kwanza, jina lililobaki ni jembamba kuliko nia. Katika Kiingereza, neno gay humjia msikilizaji kwa sura ya mwanaume kabla ya sura ya mwanamke. Waanzilishi walilihubiri jambo la usawa wa wanawake tangu mwanzo, lakini jina halikuwasaidia kulisema. Walinyimwa neno pana, wakabaki na lililo finyu, nao wamelishika kwa uaminifu hata walipokuwa huru kulitafakari upya.

Pili, uhuru wa tamasha una mipaka yake pale linapohitaji kibali cha wenye mamlaka. Huko Amsterdam, mwaka 1998, wanariadha wa kuteleza juu ya barafu walitaka kushindana wawili wawili, mwanaume na mwanaume, mwanamke na mwanamke. Kwa kuhofia adhabu za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, waandaaji waliyageuza mashindano kuwa maonyesho tu. Watu walicheza, lakini hawakuhesabiwa.

Tatu, na hili ndilo lenye uchungu zaidi, walionyimwa neno wamekuwa nao wenye neno. Jina Gay Games leo ni alama ya biashara iliyosajiliwa na shirikisho la tamasha hilo, na mji unaotaka kulitumia hauna budi kutia sahihi mkataba. Mwaka 2003 mazungumzo kati ya shirikisho na waandaaji wa Montreal yalivunjika kwa ugomvi juu ya ukubwa wa michezo na usimamizi wa fedha. Shirikisho likaipa Chicago michezo ya 2006. Montreal ikaanzisha tamasha lake lenyewe mwaka huohuo, kwa jina la Outgames, likabaki na deni la mamilioni ya dola; na tamasha hilo la pili liliishia Miami mwaka 2017, sehemu kubwa ya michezo ilipofutwa siku ileile ya ufunguzi. Mtetezi wa shirikisho atasema kwamba jina lisilolindwa huokotwa na wafanyabiashara, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ni hoja ileile ya Jaji Powell: aliyepanda ndiye avune.

Nne, ramani ya wenyeji ni ushahidi. Kwa miaka arobaini michezo ilizunguka Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Australia, mpaka mwaka 2023 ilipofika Hong Kong na Guadalajara. Kwa mwaka 2026 ilichaguliwa Valencia. Afrika haijawahi kuwa mwenyeji. Kanuni isemayo kwamba kila mtu aruhusiwa haina nauli ndani yake. Wala haina viza.

4. Kiswahili kinaitaje?

Mpaka hapa makala haya yametumia maneno shoga na msagaji, na msomaji makini atakuwa amekwisha kuuliza kama ni halali. Kwa wanawake wa mwambao, shoga ni rafiki mpendwa; mwanamke humwita mwenzake shoga yangu bila aibu. Neno hilohilo, likielekezwa kwa mwanaume, hugeuka kuwa fimbo. Msagaji limetokana na kitendo cha kusaga, yaani humtaja mtu kwa tendo moja la mwili na kuyaacha maisha yake yote nje. Hanithi hudai kasoro ya maumbile. Huku Kongo wengi huazima Kifaransa, na mara nyingi huazima pia dharau yake. Wapo waandishi wanaopendelea kusema wapenzi wa jinsia moja. Ni maelezo yasiyo na tusi, lakini ni maelezo, si jina. Hakuna aitwaye kwa maelezo akaitika kwa furaha.

Hivyo mfasiri wa Kiswahili amewekwa mahali pa hakimu yule. Akichagua neno la kejeli, anaamua kesi kabla ya kuisikiliza. Akisema kwamba neno lolote latosha mradi jambo lieleweke, anairudia hoja ya kisawe ambayo kasoro yake imekwisha kuonyeshwa. Tena, hawezi kujitetea kwamba maneno hayo ameyakuta. Maana hubadilika kwa matumizi, na matumizi ni pamoja na yake. Neno shoga lenyewe ni ushahidi kwamba tusi na upendo vinaweza kukaa katika sauti moja, kutegemea nani anamwita nani.

5. Hitimisho

Tamasha lililozaliwa San Francisco limeonyesha mambo mawili yanayopingana. Limeonyesha kwamba watu walionyimwa jina wanaweza kuujaza uwanja hata hivyo. Na limeonyesha kwamba anayepata jina huwa mwepesi kulifungia mlango. Ubora wake uko katika kanuni ya 1982, kwamba asiyefuzu naye akimbie. Upungufu wake uko katika mikataba iliyokuja baadaye.

Kwa taaluma ya Kiswahili funzo ni la kazi, si la siasa tu. Anayeandaa kamusi, anayetafsiri habari, anayesahihisha insha ya mwanafunzi, kila mmoja hugawa majina kila siku, naye mara nyingi huyagawa kwa watu wasiokuwapo chumbani. Kabla ya kuliandika neno, inafaa aulize kama anayeitwa kwalo angeitika, ama angeinamisha kichwa.