Jina Lililochelewa: Utoto Usiotambuliwa katika Parallel Play ya Tim Page

Tawasifu aghalabu huandikwa na mtu anayeamini kwamba anajijua. Parallel Play (2009), tawasifu ya Tim Page, imejengwa juu ya msingi ulio kinyume: mwandishi wake aliishi miaka 45 bila ya kujua sababu ya upweke wake. Page alizaliwa mwaka 1954, akakulia Storrs katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alikuwa mhakiki wa muziki, na mwaka 1997 alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer kwa uhakiki aliouandika katika gazeti la The Washington Post. Ni mwaka 2000 ndipo alipoambiwa kwamba ana sindromu ya Asperger, mojawapo ya sura za usonji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nguvu za kitabu hiki hazitokani na jina hilo la kitabibu. Zinatokana na subira ya msimulizi pale anapomwacha mtoto aone kwa macho yake mwenyewe kabla ya mtu mzima kuja na maelezo.

Hapana budi kwanza kulitazama jina lenyewe kihistoria. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, aliandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1944. Hata hivyo, maandishi yake ya Kijerumani hayakusomwa sana kwingineko hadi Lorna Wing, daktari wa Uingereza, alipoyajadili kwa Kiingereza mwaka 1981. Nchini Marekani, sindromu hiyo iliingizwa katika mwongozo rasmi wa matatizo ya akili mwaka 1994. Kwa hiyo, katika utoto wa Page hapakuwa na istilahi ya kumwelezea, hata kwa mwalimu au mzazi ambaye angependa kumwelewa. Kilichokuwapo ni msamiati wa maadili: ukaidi, ubinafsi, utovu wa adabu. Kutotambuliwa kwake hakukuwa uzembe wa mtu mmoja, bali upungufu wa lugha ya zama zile.

Upungufu huo unadhihirika katika onyesho linalojulikana zaidi, ambalo limo pia katika insha ya mwaka 2007 ya jarida la The New Yorker iliyokizaa kitabu hiki. Mwaka 1963, Page akiwa darasa la pili, wanafunzi walipelekwa Boston kisha wakatakiwa waandike juu ya safari hiyo. Mtoto huyu hakushughulishwa na Boston. Aliandika juu ya barabara zenye nambari zao na miji midogo iliyopitwa na basi. Mwalimu alikasirika kiasi kwamba kalamu yake nyekundu ilitoboa karatasi. Msimulizi hatuelezi tu habari za insha hiyo, bali anatupa insha yenyewe tuisome. Mbinu hii ina uzito wa kifani. Msomaji anawekwa katika nafasi ya mwalimu, akiwa na maandishi yale yale mbele yake, na analazimika kuamua kama anachokiona ni kasoro au ni utazamaji wa aina nyingine. Ukweli ni kwamba insha ile imejaa uchunguzi. Kosa lake ni kwamba ilichunguza kile ambacho hakuna aliyekiuliza.

Anwani ya kitabu nayo inastahili kuzingatiwa. Kwa maana ya kawaida ni mchezo wa watoto wadogo wanaocheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, bila ya kushirikiana. Taswira hii inasaidia kuufasiri ujana wa Page kama mwongozaji wa filamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, David Hoffman alitengeneza filamu fupi ya hali halisi iliyoitwa A Day with Timmy Page, inayomwonyesha kijana huyu akiwaongoza wenziwe katika filamu zake mwenyewe. Aliyeshindwa kuingia katika mchezo wa wengine aliwatungia mchezo na kumgawia kila mmoja nafasi. Ni urafiki, lakini urafiki wenye mswada.

Sehemu inayoweza kumgusa zaidi msomaji wa fasihi ya Kiswahili ni ile inayohusu kitabu cha adabu cha Emily Post, Etiquette, ambacho Page anakiri kwamba kilimfungulia mlango wa kuishi na watu. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii inachukulia kwamba ulimwengu hufunza kila mtu kwa lugha anayoielewa. Kwa Page haikuwa hivyo, kwani kanuni ambazo wengine walizidaka kwa kutazama tu, yeye alizihitaji zikiwa zimeandikwa. Hapa linazuka swali kuhusu tungo zetu za mawaidha. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliyatia katika maneno mambo ambayo jamii hudhani yanajulikana: namna ya kusema na watu, kuwaheshimu, na kuishi na mume. Uhakiki umezoea kuusoma utendi huo kama chombo cha kumtiisha mwanamke, na usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, Page anatukumbusha kwamba kuiandika kanuni kunaweza pia kuwa huruma kwa yule ambaye kimya cha jamii kimemwacha nje.

Udhaifu wa Parallel Play umo katika anwani yake ndogo. Toleo la 2009 linaitangaza sindromu kwenye jalada, na hivyo msomaji anafika kwenye ukurasa wa kwanza akiwa na jibu mkononi. Kila tendo la mtoto liko katika hatari ya kugeuka dalili, na upenzi wake wa muziki na filamu za zamani kusomwa kama ushahidi wa daktari. Historia ya baadaye inaikuza hatari hii. Mwaka 2013 sindromu ya Asperger iliondolewa katika mwongozo wa Marekani na kujumuishwa katika usonji kwa jumla. Mwaka 2018 Herwig Czech alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Asperger mwenyewe alishirikiana na mpango wa Wanazi wa kuwaua watoto walemavu. Jina lililochelewa kumfikia Page limeondoka mapema, tena likiwa na doa.

Je, kitabu kimeanguka pamoja na jina? Sehemu zake za maelezo zimechakaa. Insha ya safari ya Boston haijachakaa, kwa kuwa haikulitegemea jina hilo. Hili ni funzo kwa uhakiki unaofundishwa katika vyuo vyetu, ambapo mwanafunzi hutuzwa kwa kuutambua ujumbe unaotarajiwa, na mhusika asiyeonyesha hisia kwa njia ya kawaida huhukumiwa upesi kuwa ni mhusika bapa au mtu asiye na utu. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, mhakiki anawajibika kuuliza mhusika huyo anatazama nini wakati wengine wote wanaitazama Boston.