Miamvuli ya Beda Amuli

Muulize mama muuza mchicha hapa Mlandege, Iringa, soko zuri ni lipi. Atakutajia paa lisilovuja, sakafu isiyotuama maji na hewa inayopita. Kwa kipimo hicho namheshimu Beda Amuli, msanifu majengo aliyechora Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam.

Amuli alizaliwa 1938 na kusomea usanifu Technion, Haifa, nchini Israel. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuifanya kazi hiyo Afrika Mashariki. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetangaza kwamba uchumi ni wa wananchi. Yeye akapewa kuchora mahali ambapo wananchi hao wangeuza na kununua. Mwalimu Nyerere alilifungua soko Desemba 1975.

Litazame paa lake. Hakuna bati wala kenchi, bali miamvuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, kingo zimeinuka. Mvua ikinyesha, maji hayamwagikii wachuuzi pembeni; hukimbilia katikati, yakateremka na nguzo hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Miamvuli inapopishana kimo, joto hutoka na mwanga huingia. Nguzo ileile inabeba paa na kuvuna maji.

Kabla yake, msanifu Félix Candela alikuwa amekwisha kujenga miamvuli ya zege Mexico miaka ya 1950. Amuli aliupa ufundi huo kazi yetu: kuwakinga watu kama mti mkubwa unavyokinga gulio la kijijini. Na si kazi nyepesi. Fundi yeyote aliyewahi kufunga nondo anajua kwamba zege jembamba la kujipinda halitaki papara. Mirunda ikilegea kidogo tu, paa zima limekwenda upogo.

Wapo wasanifu walioingia kwenye siasa, kama Gideon Mulyungi, aliyechaguliwa mbunge wa Mwingi ya Kati, Kenya, 2017. Lakini kuamua nani akae kivulini na nani aachwe juani nayo ni siasa, na Amuli aliifanya kwa penseli na rula.

Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na serikali ikaamua kulikarabati. Uamuzi sahihi. Nanyi madiwani wetu wa Iringa, siku mkiletewa ramani ya soko jipya, msianze na rangi ya ukuta wa mbele. Ulizeni kwanza maji ya mvua yataelekea wapi, na mama wa mchicha atakaa wapi.