Rangi za Pwani na Macho ya Mtoto

Mwandishi wa Kiswahili atakaye kumchukua mtoto pwani kwa njia ya kitabu ana vielelezo viwili mbele yake, navyo vyote vina upungufu. Cha kwanza ni picha ya mgeni: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, bahari ya buluu, wala hapana mtu. Cha pili ni urithi wetu wenyewe wa wasia. Katika utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, na katika Utenzi wa Hati na ule wa Adili wa Shaaban Robert, mzazi hunena, mtoto husikiliza. Tungo hizo ni tukufu, wala si nia yangu kuzipunguzia heshima. Walakini hazikukusudiwa kumwacha mtoto atazame na kuuliza.

Natuseme tumemshika mkono mtoto wa miaka mitano, tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani siku za bamvua, na sasa maji yamekupwa. Ataona nini? Mwenye picha ya kwanza atajibu: rangi. Jibu hilo si la uongo, ila halijatimia. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zifuatazo upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki aghalabu ni vitu vyenyewe. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, na samawati imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu. Kumtajia mtoto rangi kwa Kiswahili, basi, ni kumrudisha kwenye kitu alichokwisha kukiona, kukigusa au kukila. Mwandishi ajazaye ukurasa kwa rangi bila vitu huandika maneno yetu kwa jicho la kuazima.

Mara mtoto ainama, aokota kigae king'aacho, asema kina rangi ya majani. Hakukosea. Ni kigae cha chombo cha Uchina. Vya namna hiyo vimepatikana Kisiwani, na Neville Chittick, aliyefukua huko katika miaka ya 1960, alivieleza katika kitabu chake cha 1974 juu ya Kilwa. Mtoto auliza kimetoka wapi. Swali hilo moja lafungua biashara ya Bahari ya Hindi, dhahabu ya Sofala, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika karne ya 14. Kesho atauliza habari za Kilwa Kivinje, na hapo mzazi hana budi kutaja watumwa waliopakiwa majahazini katika bandari ile karne ya 19. Picha ya mgeni haina nafasi ya jibu hilo. Wasia nao ungelitoa kabla ya swali.

Kigae na kirudishwe mahali pake, kwa kuwa magofu hayo ni urithi wa dunia tangu 1981. Swali ndilo la kuchukuliwa nyumbani. Mtoto wa Kilwa au Lindi asomaye habari za pwani asiyoitambua, ilhali azaliwa na kukua pwani, hujifunza kwamba kwao si mahali pa kuandikwa vitabuni. Hasara hiyo yapita upungufu wowote wa lugha ya mapambo. Mwandishi na aiweke rangi mkononi mwa mtoto, kisha anyamaze kidogo, angoje kuulizwa.