Tusimalizie kila tasnifu kwa "jamii ipewe elimu"

Ukichukua tasnifu ya Kitanzania kuhusu takataka, mkaa au mifuko ya plastiki, kuna pendekezo unaloweza kulitabiri kabla hujafika sura ya mwisho: jamii ipewe elimu. Limezoeleka kiasi kwamba hatulisomi tena, tunalipita kama salamu. Leo naomba tulisome.

Hoja yangu ni kwamba mara nyingi pendekezo hili halitoki kwenye data. Linatoka kwenye namna tulivyouliza maswali. Na likishafika kwa watunga sera, mzigo unamwangukia mtu ambaye uwezo wake ni mdogo kuliko wote kwenye mnyororo mzima: mama wa genge, mama lishe, na mteja wao anayeshuka daladala saa kumi na mbili jioni.

Hojaji inavyopika jibu

Tafiti nyingi za tabia za walaji zinasimama juu ya nadharia ya Icek Ajzen, aliyoieleza kwa kina mwaka 1991. Kwa Kiswahili chepesi inasema hivi: nia yako ya kufanya jambo inategemea mtazamo wako juu ya jambo lenyewe, unavyoona watu wa karibu yako wanalichukuliaje, na kiasi unachoona una uwezo wa kulifanya. Nia hiyo ndiyo inayozaa kitendo. Ni nadharia nzuri, rahisi kuichora kwa mishale, na inafanyiwa hesabu bila shida. Ndiyo maana wanafunzi tunaipenda.

Shida inaanza kwenye fomu. Tunaandika sentensi kama "Ninajali usafi wa mazingira", tunampa mtu namba 1 mpaka 5, halafu tunasubiri. Hebu fikiria: nani atamwambia mgeni aliyeshika kalamu na kitambulisho cha chuo kwamba yeye hajali usafi? Wengi watasema 4 au 5. Halafu tunatembea mtaani, tunaona mifuko mitaroni, tunahitimisha kuwa kuna pengo kati ya mtazamo na tabia. Na pengo tunaliziba na nini? Elimu. Kwani si tumeshaona kwamba mtazamo ni mzuri tayari? Kama mtu ameshakubali kabisa kwamba mazingira yatunzwe, semina itamwongezea nini?

Swali la tabia ndilo lenye matatizo zaidi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mtu anayekutwa na mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa Tanzania Bara anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kufungwa hadi siku 7. Kwa hiyo ukimuuliza muuza nyanya "Je, bado unatumia mifuko ya plastiki?", yeye anasikia swali la afisa wa mazingira. Jibu unalijua.

Haya si maneno ya kijiweni. Christopher Armitage na Mark Conner walikusanya matokeo ya tafiti 185 zilizotumia nadharia hii, wakachapisha uchambuzi wao mwaka 2001. Kwa wastani nadharia ilieleza asilimia 27 ya tofauti za tabia kati ya watu. Lakini angalia ndani: pale ambapo tabia iliripotiwa na mtu mwenyewe, ilieleza asilimia 31, pale ambapo tabia ilipimwa kwa njia nyingine, kama kumtazama mtu, ilishuka hadi 21. Yaani sehemu ya ubora wa nadharia inatokana na mtu yule yule kujaza kurasa mbili za fomu ile ile na kujitahidi asijipinge.

Kuna waliolitambua hili mapema sana. Mwaka 1973, mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchambua takataka za kaya za mji wa Tucson, Marekani, na kulinganisha na walichosema wenye nyumba walipohojiwa. Kuhusu bia, kwa mfano, makopo yaliyokuwa kwenye takataka yalizidi sana makopo yaliyokiriwa mlangoni. Kopo tupu halina haja ya kumfurahisha mtafiti.

Kikapu kilienda wapi?

Tuhame kwenye mtu mmoja mmoja, twende kwenye shughuli yenyewe. Mwanasosholojia wa Uingereza Elizabeth Shove aliandika makala mwaka 2010 akiishambulia kile alichokiita "ABC" ya sera za tabianchi, herufi tatu za Kiingereza zinazosimama badala ya mtazamo, tabia na uchaguzi. Kwa maoni yake, serikali na watafiti wamekubaliana kuiona dunia kama mkusanyiko wa watu wanaochagua. Ukishaiona hivyo, kila tatizo linakuwa la mtu binafsi, na nafasi ya serikali na viwanda katika kupanga maisha yawe yalivyo inafichika. Anapendekeza tuchunguze desturi za kila siku: kuoga, kupika, kusafiri, kufua. Tuulize zinaundwa na nini, na kwa nini zinabadilika.

Hoja hii inatufaa sana hapa. Chukua kikapu cha ukindu. Kila anayepiga porojo kuhusu plastiki hukikumbuka: "Zamani mama zetu walienda sokoni na vikapu." Ni kweli. Lakini kikapu kilikuwa kifaa cha safari iliyopangwa. Unatoka nyumbani unajua unaenda sokoni, unakibeba kikiwa kitupu, unarudi nacho kimejaa.

Sasa tazama manunuzi ya mkazi wa Dar es Salaam anayeishi kwa kipato cha kutwa. Asubuhi hajui jioni atakuwa na shilingi ngapi. Hana friji, au analo lakini umeme wa tokeni ni wa kuhesabu, kwa hiyo ananunua cha leo tu. Ananunua akiwa njiani kurudi kutoka kazini, gengeni kwenye kona, kidogo kidogo: nyanya fungu moja, dagaa wa kupima, mafuta ya kupima. Mtu huyo atembee na kikapu kitupu kutwa nzima kwenye daladala iliyoshona? Mfuko wa plastiki haukuingia kwa sababu watu waliupenda. Uliingia kwa sababu uliendana na manunuzi yasiyopangwa, tena ulitolewa bure pale pale yanapofanyika.

Ndiyo maana baada ya 2019 vifungashio, vile vya plastiki nyepesi vya kufungia bidhaa kutoka kiwandani, vilianza kubebea nyanya na samaki, mpaka serikali ikalazimika kutangaza tena kwamba kifungashio si kibebeo. Ukisoma tukio hili kwa miwani ya ABC, utasema wananchi ni wabishi na wanahitaji elimu. Ukilisoma kwa miwani ya desturi, utaona kwamba kitu kimoja kiliondolewa na shughuli ikabaki palepale, kwa hiyo ikatafuta kitu kingine cha kufanya kazi ile ile.

Lakini Shove naye asituteke

Tukimkubali Shove kwa kila kitu tutabaki na tatizo. Waziri akikuuliza "Sasa nifanye nini?", huwezi kumjibu "Mheshimiwa, badilisha desturi" ukaondoka. Lorraine Whitmarsh na wenzake walimjibu mwaka 2011 katika jarida lile lile, wakitetea kwamba taaluma mbalimbali zina cha kuchangia na hakuna haja ya moja kuizika nyingine. Nadhani wana haki. Na Ajzen mwenyewe angeweza kulalamika: nadharia yake ina kisanduku cha tatu, kile cha uwezo. Sisi ndio tunaokichora kwenye sura ya pili halafu tunakisahau tunapofika sura ya tano.

Isitoshe, kuna mambo yanayobadilika haraka bila kusubiri mitazamo wala desturi nzima. Machi 2002 Ireland ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki dukani. Matumizi yalishuka kutoka makadirio ya mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Hakuna kampeni ya elimu ninayoijua iliyowahi kufanya hivyo. Na watu waliizoea tozo hiyo, wakaiunga mkono: tabia ilitangulia, mtazamo ukafuata nyuma. Hapa kwetu, pombe za viroba zilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, hazikutoweka kwa sababu wanywaji walihudhuria semina. Zilikatwa kwenye kiwanda.

Tahadhari moja: tusiyabebe matokeo ya nje kama mzigo wa mitumba bila kufungua. Utafiti maarufu wa Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba wageni wa hoteli moja Marekani walikubali zaidi kurudia taulo zao walipoambiwa kwamba wageni wengi hufanya hivyo, asilimia 44 dhidi ya 35 kwa ujumbe wa kawaida wa mazingira. Uliporudiwa Ujerumani, matokeo yaliyochapishwa 2014 hayakuonyesha faida hiyo. Huko wengi walikuwa wanarudia taulo tayari. Kama Marekani na Ujerumani hazikukubaliana kuhusu taulo, tunahitaji sababu nzuri sana ya kudhani kwamba Kariakoo itakubaliana nazo.

Wanaopata alama sifuri

Kuna kasoro nyingine, na hii inaniudhi zaidi kwa sababu ni ya haki. Vipimo vingi vya "mlaji wa kijani" vimetungwa kwa maisha ya duka kubwa: unanunua bidhaa zenye nembo ya mazingira? Uko tayari kulipa zaidi? Unatenganisha takataka nyumbani? Mkazi wa Tandale ambaye takataka zake zinachukuliwa na mkokoteni akijibu hayo, atapata alama za chini kabisa, na mtafiti ataandika kwamba uelewa ni mdogo.

Wakati huo huo mtu huyo anavaa mitumba, anapeleka viatu kwa fundi mara tatu kabla ya kuvitupa, anarudisha chupa ya soda dukani, anatunza chupa ya maji ya lita moja na nusu ili anunulie mafuta ya taa. Simu yake imefunguliwa na fundi mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Hayo hayana kisanduku kwenye fomu.

Msinielewe vibaya, sisemi umaskini ni fadhila. Wengi wangeacha baadhi ya haya kesho wakipata fedha, na ni haki yao. Ninachosema ni cha kipimo: kama kifaa chako kinampa alama nyingi mwenye gari anayenunua mboga zenye nembo, na sifuri anayepanda daladala na kukarabati kila kitu, basi hicho kifaa kinapima kipato na lugha ya mazingira. Matumizi endelevu hakijayagusa.

Hata mfuko mbadala unahitaji swali bora zaidi ya ndiyo au hapana. Uchambuzi wa wakala wa mazingira wa Denmark wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mfuko wa kitambaa cha plastiki, wa aina ile inayouzwa sokoni kwetu, unapaswa kutumiwa mara 6 ili usiwe mzigo mkubwa kwa tabianchi kuliko mfuko wa kawaida wa plastiki wa madukani kwao, na mfuko wa pamba mara 52. Uchambuzi huo haukuhesabu plastiki inayozagaa mitaroni na baharini, jambo ambalo kwetu ndilo kubwa, kwa hiyo hauitetei plastiki. Lakini unaonyesha kwamba idadi ya matumizi ndiyo habari yenyewe. Mtu anayenunua mfuko mbadala mpya kila jioni anajibu "ndiyo" sawasawa na yule mwenye mmoja tangu mwaka jana.

Basi tufanyeje?

Hojaji isitupwe. Ni nzuri kwa kujua watu wanafikiri nini na wanaogopa nini. Ila isifanywe shahidi pekee wa kile wanachofanya. Simama gengeni jioni mbili, kwa ruhusa ya mwenye genge, uhesabu watu wanaokuja na kibebeo na wasio nacho. Uliza mfuko huu umetumika mara ngapi, umelala wapi jana. Fuata mfuko kurudi nyuma mpaka kwa aliyeuleta kwa jumla. Haya hayahitaji ufadhili mkubwa. Yanahitaji nauli, daftari na subira.

Nawe msomaji ambaye hufanyi utafiti, ukisikia redioni kwamba "utafiti umebaini wananchi hawana uelewa", uliza mambo matatu: walitazama au waliuliza tu? Walimuuliza nani zaidi ya mnunuzi wa mwisho? Na pendekezo lao linamgharimu nani? Kama gharama yote inaishia kwa mama wa genge, na aliyetengeneza mfuko hajatajwa hata kwenye ukurasa mmoja, una haki ya kudai utafiti mwingine kabla ya semina nyingine.