Sufu Si Ngozi

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 6, Gideoni aliweka sufu ya kondoo uwanjani usiku. Asubuhi akaikamua umande, bakuli zima. Lakini tafsiri nyingine za Kiswahili zaandika "ngozi". Neno hilo lapotosha. Ngozi huchunwa kwa mnyama aliyekufa. Neno la Kiebrania, gizzah, latokana na kukata manyoya, na kondoo hubaki hai. Tena ngozi haikamuliki kama nguo. Sufu hunywa maji. Kondoo wa kwetu wana nywele fupi, kwa hiyo kosa halionekani upesi. Mababa wa Kanisa waliona hapo mfano wa Bikira Maria, aliyempokea Mwana kama sufu ipokeavyo umande. Ngozi ya mzoga yaharibu mfano huo. Tuseme sufu.