Kupima Kivuli Komarock

Ukisimamisha stendi ya miguu mitatu katika mtaa wowote wa Eastlands, Nairobi, wa kwanza kukusogelea haji kupigwa picha. Anakuja kuuliza kama barabara inapanuliwa. Watu wa huku wameona vibanda vikivunjwa baada ya wapimaji kupita, na kamera ya mbao yenye mvukuto, ikikaa juu ya stendi yake, inafanana mno na chombo cha mpima ardhi. Mpigapicha ninayemzungumzia, mkazi wa Komarock, ameshazoea. "Hapana mama, ni picha tu," humjibu mama mboga, kisha humkaribisha aingize kichwa chini ya kitambaa cheusi. Humo, kwenye kioo cha ukungu, mama hukuta kibanda chake kimepinduka miguu juu, kushoto kumekuwa kulia, na kicheko chake husikika hadi stejini.

Karatasi moja ya filamu ya kamera hiyo ni inchi 4 kwa 5. Kamera yake ya pili, ya kidijitali, ni ya umbo la kati: sensa ya milimita 44 kwa 33, megapikseli 102. Kwa eneo, filamu inaizidi sensa hiyo karibu mara tisa. Mabishano mengi ya wapigapicha huishia hapo, kila mmoja akikuza kipande cha tofali kwenye kompyuta. Mimi hayo hunichosha upesi. Chapa picha ya upana wa mita moja, uitundike ukutani: zote mbili zitakuonyesha nati za geti. Ninachopenda kutazama ni jinsi mkono wa fundi unavyobadilika akitoka kwenye kamera moja kwenda nyingine, hasa saa saba mchana, saa ambayo wapigapicha wengi huona heri wakae ndani.

Nairobi iko takriban nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Saa hiyo jua li karibu utosini, mabati yanawaka, na ndani ya duka la kona huoni hata uso wa mwenye duka.

Kwa filamu, fundi huanzia kivulini. Huelekeza kipima mwanga kwenye pembe yenye giza zaidi ambayo bado anaitaka ionyeshe kitu, tuseme magunia ya makaa chini ya ngazi, kisha hupunguza hatua mbili kutoka kile kipimo kinachodai, kwa kuwa kipimo hutaka kufanya kila kitu kiwe kijivu cha kati. Mabati hayamtishi. Fedha iliyo kwenye negativu huendelea kujijenga taratibu hata mwanga ukizidi. Atakapoosha filamu usiku ataitoa kwenye dawa mapema kidogo. Kivuli hakitapoteza mengi, lakini mabati yatashuka. Ansel Adams na Fred Archer ndio walioupanga utaratibu huu kule Marekani, karibu na mwaka 1940, na haujachakaa.

Akishika ya kidijitali, anageuza yote. Sasa huanzia kwenye mabati. Kila pikseli ni debe chini ya mfereji: likijaa, tone linalofuata halina pa kukaa, na hakuna programu ya kulirudisha. Basi hupima penye mng'aro mkali kuliko kote, huacha nafasi finyu juu yake, na kukubali picha itokee nyeusi kwenye skrini. Mpita njia akichungulia atadhani imeharibika. Nyumbani huviinua vivuli, na yale magunia ya makaa hutoka gizani na nyuzi zake zote. Filamu haina huruma hiyo: kivuli kilichokosa mwanga ni plastiki tupu, huna cha kuinua.

Kwenye majengo marefu, nakiri naegemea kamera ya mbao. Komarock ilijengwa kuwa mtaa wa nyumba za chini, lakini wenye nyumba wamezidi kupandisha ghorofa, na vichochoro vimebaki na upana uleule. Ukiinua kamera kutazama juu, jengo linaonekana kuanguka kinyumenyume. Fundi huacha mgongo wa kamera wima na kusukuma lenzi peke yake juu, kuta husimama. Akitaka mitumba iliyotandazwa chini iwe kali kuanzia miguuni pake hadi mwisho wa njia, huinamisha lenzi mbele kidogo, kanuni ambayo Theodor Scheimpflug wa Austria aliandikishia hataza mwaka 1904. Kwenye picha ya kidijitali hunyoosha kuta kwa kompyuta. Megapikseli zinatosha, ila hapo kazi inafanywa wakati jengo lenyewe halipo mbele yake.

Ukubwa huu wa kamera haukuanza kama anasa. Zama ambazo studio kama ya A.C. Gomes ilikuwa ikipiga picha Zanzibar, katika karne ya 19, picha ilichapwa kwa kulaza negativu juu ya karatasi yenyewe. Aliyetaka picha kubwa alibeba kamera kubwa.

Fundi wetu halazi tena negativu kwenye karatasi. Huiweka juu ya kisanduku cha taa na kuipiga kwa ile kamera ya kidijitali, vipande vinne, kisha huviunga. Hapo tena inambidi alinde penye mwanga mkali, sensa isijae. Lakini kwenye negativu kila kitu kimegeuka: mabati ndiyo meusi, na sehemu angavu inayopitisha taa kwa wingi ni kile kivuli chini ya ngazi. Kipimo cha filamu na kipimo cha sensa vinakutana kwenye magunia yale yale ya makaa.