Mausi Imefufuka Bila Kulehemu

Kompyuta yenyewe ni Pentium 4 ya mezani, bado inachapa barua na fomu katika steshenari moja ya Goba. Tundu la kijani la mausi ndilo lililokufa. Wengi wangeshauri mwenye duka ashuke Kariakoo kutafuta mtumba mwingine. Fundi aliyeitwa alipima kwanza, na ndiyo maana kazi yake inafaa kuchambuliwa.

Tundu hilo la duara ni la PS/2, mfumo ulioletwa na IBM mwaka 1987. Lina pini 6, lakini zinazotumika ni 4: data, ethi, umeme wa volti 5 na saa inayoongoza mawasiliano. Fundi alizima mashine, akachomeka mausi nzima, kisha akawasha, kwa kuwa PS/2 haikuundwa ichomekwe mashine ikiwa inawaka. Mshale haukusogea. Mita ikaonyesha volti 5 zipo, na kibodi, ambayo kwenye madabodi nyingi hutumia fyuzi moja na mausi, ilikuwa ikiandika. Basi fyuzi haikuwa na kosa. Alipomulika tochi aliona kiguso cha data kimekatika ndani ya tundu.

Angeweza kulehemu tundu jingine. Alikataa, nami namuunga mkono: tundu la mausi na la kibodi yalikuwa kipande kimoja, na joto likizidi njia za shaba hubanduka. Mwenye duka angepoteza yote mawili. Kile kiungio cha kijani kinachouzwa madukani, cha kuchomeka mausi ya USB kwenye tundu la PS/2, nacho kisingesaidia. Ndani yake ni nyaya tu, tena kinaingia tundu lilelile bovu.

Yalibaki matundu 2 ya USB yanayofanya kazi, moja la printa, jingine la modemu. Ili mausi ya USB ipate nafasi, ilibidi iongezwe habu ndogo ya kugawa tundu, isiyo na umeme wake, na hapa ndipo ninapouona ufundi hasa. USB ya zamani hutoa miliampia 500. Habu ya namna hiyo ikishazigawa, kila kifaa hupata 100 tu. Modemu inapotafuta mtandao huvuta umeme mwingi, na ikibanwa hukatika katikati ya kazi. Fundi akaiacha modemu kwenye tundu lake, akaweka mausi pamoja na printa kwenye habu. Printa ina waya wake wa ukutani, kwa hiyo haitegemei umeme wa USB. Mausi nayo hula kidogo sana.

Windows XP ilipouliza kuhusu kifaa kipya, alijibu kwa Tab na Enter. Angehitaji mshale kabla ya hapo, angebonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, akausogeza kwa namba za pembeni.

USB zote zingekuwa zimekufa, lingebaki tundu la pini 9 nyuma ya mashine. Halina waya wa volti 5, lakini mausi zake hujipatia umeme kutoka kwenye nyaya za mawasiliano zenyewe.